Nyanya Wawili Katika Kitabu cha Ruhusa

Jumatatu ya kwanza ya Juni, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Farouk aliketi kwenye benchi nje ya ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, bahasha mkononi na jozi sita za soksi za kijivu magotini. Soksi hazikuwa hongo. Farouk aliuza vifaa vya shule mjini Mwingi, na mtu wa kazi hiyo hutembea na soksi kama fundi wa bomba anavyotembea na spana.

Shule ilikuwa ya bweni, upande wa Kitui, na miarobaini yake ilikuwa imepakwa chokaa hadi kiunoni ili nayo ionekane imevaa sare. Safa, binti yake Farouk, alikuwa Kidato cha Pili hapo. Barua iliyokuwa ndani ya bahasha iliomba aruhusiwe wiki moja asafiri na familia yake kwenda Mombasa.

Angeweza kungoja likizo, na Madam Mutanu, naibu wa mwalimu mkuu, alimwambia hivyo hata kabla hajaketi vizuri. Farouk akamweleza taratibu. Shule zikifungwa, ndipo duka lake hujaa. Aprili watoto wote wa Mwingi hununua viatu, Agosti hununua magodoro, na kuanzia Desemba hadi Januari hununua kila kitu, tangu sanduku la bati mpaka kijiko. Hata ile likizo fupi ya katikati ya muhula ina shughuli zake, kwa sababu ndiyo siku watoto hufika nyumbani bila sweta walizoondoka nazo. Familia ya Farouk ilipumzika mara moja tu kwa mwaka, nayo ni Juni, watoto wa watu wakiwa darasani na Safa akiwa miongoni mwao.

Kisha akaeleza jambo lenyewe. Mama yake, Bi Nasima, alizaliwa Mombasa, na sasa alikuwa na presha ya macho. Daktari alisema mwanga uliobaki ungefika Agosti, na pengine usifike. Bi Nasima hakuomba dawa nyingine. Aliomba kumwona mjukuu wake amesimama kando ya bahari, mara moja tu, kabla taa hazijazimika.

Madam Mutanu alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke wa haki, aliyemkatalia kila mtu kwa sauti ile ile ya upole. Alifungua kitabu kikubwa cha ruhusa, chenye jalada jekundu, akamwonyesha ukurasa wa kwanza ambapo kanuni zilikuwa zimebandikwa. Mwanafunzi aliruhusiwa kutoka kwa ugonjwa, kwa mashindano ya michezo na kwa mazishi. Kuona bahari hakukuwemo.

Farouk akiwa bado anasoma, aliingia mvulana wa Kidato cha Tatu anayeitwa Ben, begi mgongoni, miwani ya jua kichwani. Nje gari kubwa lilikuwa linamngoja, injini ikinguruma. Madam Mutanu aliandika jina lake kitabuni, akaandika kwamba atarudi baada ya wiki mbili, na palipotakiwa sababu akaandika: shughuli ya kifamilia. Ben akasema asante, akasema ufukweni Diani kuna joto siku hizi, akaondoka.

Farouk akauliza, kwa heshima, tofauti iko wapi.

"Baba yake alipiga simu," Madam Mutanu akasema. "Yako ni barua."

Baba yake Ben alikuwa kwenye bodi ya shule, na tangi la maji lililosimama nyuma ya ofisi lilikuwa na jina lake kwa herufi kubwa kuliko zile za jina la shule. Farouk aliona jinsi mambo yalivyopangwa. Akaacha soksi mezani, akarudi Mwingi.

Jioni hiyo alimwambia mama yake kwamba imebaki njia moja, kuandika barua nyingine na kusema kwamba amefariki. Wazazi wengi walifanya hivyo. Shuleni kulikuwa na wanafunzi waliokwisha kuzika nyanya watano kila mmoja, na hakuna mwalimu aliyeuliza wanatoka wapi.

Bi Nasima alikataa. Hakuwahi kusema uongo, na hakuona sababu ya kuanza akiwa na miaka sabini na minne.

"Kama ni kufa, nitakufa," akasema. "Wewe andika ukweli."

Akafa Alhamisi, baada ya swala ya alfajiri na kikombe kimoja cha chai ya tangawizi. Aliifanya kazi hiyo kwa usafi. Chifu alikuja, akatazama, akaandika barua na kuigonga muhuri. Majirani walileta mikeka. Farouk alifika shuleni na karatasi zote, na Madam Mutanu akasimama kumpa pole kwa mikono miwili. Kisha akaandika kitabuni: kutoka saa tatu asubuhi, kurudi saa kumi na mbili jioni.

Farouk akasema wenzake Safa hupewa wiki. Muhula huo huo kijana mmoja wa Tseikuru alikuwa amepewa siku tisa kwa nyanya mmoja.

"Huyo nyanya alikaa mochari siku saba," Madam Mutanu akasema. "Nyinyi mnazika leo leo. Nimeishi Mwingi karibu na msikiti miaka minne, Baba Safa. Dini yenu naijua na ninaiheshimu."

Farouk akatia sahihi, kwa sababu ilikuwa kweli.

Bi Nasima alizikwa baada ya swala ya adhuhuri. Safa alilia, kwa kuwa kifo kilikuwa cha kweli na aliyekufa alikuwa bibi yake, kisha akarudishwa shuleni akafika dakika kumi kabla ya muda. Saa kumi na moja jioni Bi Nasima naye alirudi nyumbani, sanda ameifunga vizuri kifuani, akapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Majirani waliokuwa bado wameketi uani wakamwamkia, wakampisha mkekani. Akauliza amepata siku ngapi.

"Hata moja haikutimia," Farouk akasema.

Bi Nasima alijipangusa vumbi sikioni kwa ncha ya sanda. Akasema kile kilikuwa kifo kizuri, na kimepotea bure.

Aliyepata jibu alikuwa Mutindi, mama yake Safa. Mutindi alizaliwa Kasikeu, Makueni, katika familia ya wakulima na watu wa kanisa, akasilimu alipoolewa na Farouk. Mama yake, Mbithe, alikuwa bado huko, akiongoza kwaya ya akina mama. Safa alimwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya. Na Susu akifa, angekufa kwa desturi za Kasikeu: mochari, kamati, kwaya, mazishi Jumamosi. Hapo wiki isingekwepeka.

Mutindi akampigia simu usiku ule ule. Mbithe alikuwa anachambua ndengu. Alisikiliza yote, akauliza kama ni lazima. Mutindi akampa Bi Nasima simu.

"Mama Mutindi," Bi Nasima akasema, "mimi nimeshajaribu. Hakuumi."

"Wewe ulikuwa huko nusu siku, Mama Farouk. Mimi mnaniweka kwenye friji wiki nzima."

"Utavaa sweta."

Kwenye simu zikasikika ndengu zikimwagika ndani ya beseni. Mwishowe Mbithe akasema atamaliza kupura kwanza, kwa sababu hawezi kufa akiacha ndengu juani, na kwamba mtu asithubutu kumzika na lile gauni la kahawia. Jumapili alikwenda kanisani, akaimba sauti ya pili, akarudi nyumbani, akafungia kuku, akafa.

Madam Mutanu alimpa Safa wiki nzima bila kuombwa. Alisema, kwa huruma ya kweli, kwamba nyanya wawili ndani ya siku nne ni mzigo mzito kwa mtoto, na kwamba shule haiwezi kukaa kimya. Yeye mwenyewe angefika Kasikeu Jumamosi kusema maneno machache.

Mpango wa Farouk ulikuwa rahisi. Mochari ilikuwa Sultan Hamud, na Sultan Hamud iko kwenye barabara ya Mombasa. Wangemlaza Susu Jumatatu, Jumanne wapande basi waende baharini, Ijumaa warudi wamtoe. Bi Nasima alikuja na begi lililofungwa tayari, ndani yake leso mpya na ndala za mjukuu.

Kosa la Farouk lilikuwa la mtu aliyemzika mama yake kati ya chai ya asubuhi na chai ya jioni. Aliposikia wiki ya mazishi alidhani ni wiki tupu. Jumatatu jioni kamati ilikutana uani kwa Mbithe, ikachagua mwenyekiti, na mwenyekiti akatangaza kwamba mikutano ni kila siku saa kumi, familia iketi mbele. Jumanne wajomba walitaka kujua mkwe yuko wapi, na mbuzi wake yuko wapi. Jumatano kwaya ilikuja kufanya mazoezi, akina mama arobaini, wote wakala. Alhamisi iliandikwa tawasifu ya marehemu, na pakazuka ubishi mrefu kuhusu mwaka wake wa kuzaliwa, hata ikabidi Mutindi aende mochari akamuulize mwenyewe. Alirudi na mwaka, na pia ujumbe kwamba sweta moja haitoshi.

Sweta zilikuwa za maruni, zenye nembo ya shule ya Safa kifuani. Farouk alikuwa ametoa alichokuwa nacho dukani.

Kila alipotumwa Sultan Hamud kununua sukari, Farouk alisimama kidogo kando ya barabara. Mabasi ya Mombasa yalipita moja baada ya jingine, viti vya dirishani vikiwa wazi. Kisha alirudi na sukari, kwa sababu watu walikuwa wanaingoja.

Safa aliketi na bibi yake wakimenya viazi vya waombolezaji. Bi Nasima alimtazama sana, akisogeza kichwa kidogo kidogo kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Pembe za dunia yake zilikuwa zimekwisha kuondoka, ikabaki sehemu ya katikati, na katikati hapo aliweza kuweka pua ya Safa au jicho la Safa, lakini si vyote kwa pamoja.

Ijumaa mchana alikubali kwamba baharini hawafiki. Akaagiza sufuria kubwa, ile ya kupikia muthokoi wa watu mia mbili, ijazwe maji hadi ukingoni na kuwekwa juani. Akamsimamisha Safa nyuma ya sufuria na kumwambia ainame kidogo. Mwanga ukatoka kwenye maji, ukamchezea mtoto usoni na shingoni.

"Sogea," Bi Nasima akasema. "Sogea tena. Hapo."

Safa alitulia hapo. Bi Nasima akamtazama kipande kwa kipande, paji la uso, nyusi, mdomo, kidevu, mpaka mpishi akaja kudai sufuria yake.

Jumamosi watu walijaa. Madam Mutanu alifika na kadi ya rambirambi iliyotiwa sahihi na walimu wote, akaketi katika hema la wageni wa heshima. Ulipofika wakati wa kumtazama marehemu, alisimama mbele ya jeneza kwa muda, kisha akamnong'oneza Mutindi mambo mawili. La kwanza, marehemu anatetemeka, apewe blanketi. La pili, sare ya shule haivaliwi na mtu ambaye si mwanafunzi. Blanketi likaletwa. Kuhusu sare, akasema atasamehe mara hii. Katika hotuba yake alisema shule imempoteza rafiki. Mchungaji aliomba mvua. Mbithe alizikwa saa nane, gauni la buluu chini ya sweta mbili, na Jumapili asubuhi alikuwa uani akipepeta ndengu na kulalamika kwamba kwaya ilianza juu mno na kwamba mtu mmoja, anamjua, alikuwa anaimba akitafuna.

Jioni ya siku hiyo Safa alifika kwenye lango la shule wakati mmoja na gari la Ben. Ben alikuwa amebabuka pua. Akamuuliza Safa alikuwa wapi.

"Kumzika susu yangu."

"Pole," Ben akasema. "Sisi tuliogelea mpaka tukachoka. Mimi hata bahari sitaki kuiona tena mpaka Agosti."

Alikuwa na kombe kubwa la baharini mkononi, la pinki kwa ndani, zawadi ya Madam Mutanu. Madam akaliweka juu ya kitabu cha ruhusa ili upepo usikifungue. Kabla ya hapo alikuwa ametafuta jina la Safa, akapiga mstari chini yake kwa rula, na kuandika: Nyanya, wawili. Wamekwisha.

Jumapili ya kwanza ya Julai ilikuwa siku ya wageni. Farouk na Mutindi walikuja, na marehemu wawili walikuja pamoja nao, Bi Nasima na chapati, Mbithe na kuku. Muli, mlinzi wa lango, aliwaamkia vizuri. Kisha akapitisha kidole kwenye orodha aliyopewa na ofisi na kusimama.

"Wazazi wapite," akasema. "Nyinyi akina nyanya siwezi kuwaingiza. Mmeandikwa."

Mbithe alitaka kuona walipoandikwa, akaonyeshwa. Akakubali kwamba tarehe ni sahihi. Muli hakuwa mtu mbaya. Aliwatafutia viti viwili vya plastiki, akaviweka kivulini nje ya seng'enge. Safa alikuja upande wa ndani, akapokea chapati zilizokunjwa ili zipite kwenye matundu ya waya. Bi Nasima naye alipitisha vidole, vikampata Safa kwenye shavu.

"Ni yeye?" akamuuliza Mbithe.

"Ni yeye," Mbithe akasema. "Anakula."

Farouk aliona hayo, akaenda moja kwa moja hadi ofisini. Hakukuwa na foleni. Aliketi wima, kofia yake imekaa sawasawa, kama mtu aliyekuja kununua kitu anachojua bei yake.

"Madam, baba mzazi ni siku ngapi?"

Madam Mutanu akaitazama ile kofia. "Moja."

"Na mama?"

"Alisilimu?"

"Alisilimu."

"Moja."

Farouk akauliza kama wazazi wawili wakifa siku mbili zinazofuatana, ruhusa zao zinaweza kuunganishwa. Madam Mutanu aliondoa kombe, akafungua kanuni, akazisoma zote kwa kidole. Akasema hakuna kinachokataza, mradi kila mmoja awe na barua yake ya chifu. Akaongeza, kwa sababu alikuwa mwanamke wa haki, kwamba mwanafunzi ambaye ni yatima kamili hupewa na wikendi juu.

Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Siku nne zilitosha kufika Mombasa na kurudi. Farouk alikuwa ameshazungumza na Mutindi, naye hakuwa na neno, ila aliomba afe wa pili ili afunge duka.

"Nipe fomu mbili," Farouk akasema.

Madam Mutanu akampa, akamwazima na kalamu. Farouk aliandika jina lake kamili, namba ya kitambulisho na uhusiano wake na mwanafunzi. Palipoulizwa tarehe ya kifo akaandika Alhamisi iliyokuwa inakuja. Simu ya mezani ililia. Madam Mutanu akasikiliza, akacheka kidogo kwa heshima, akasema hakuna shida kabisa, mzee, na chini ya siku ya Jumatano akaandika jina la Ben na maneno yale yale: shughuli ya kifamilia. Kisha akarudisha kombe mahali pake na kuisoma fomu ya Farouk ikiwa juu chini.

Akasema anasikitika. Alhamisi hiyo Kidato cha Pili kina mtihani wa hesabu.

Farouk alitazama dirishani. Nje ya seng'enge mama yake alikuwa ameelekeza uso kwenye jua, akifumba jicho moja, halafu jingine, akilinganisha. Farouk akaikata tarehe kwa mstari mmoja ulionyooka, akasogeza kifo chake wiki moja mbele, na kutia sahihi pembeni ili mtu asije akadhani pana udanganyifu.